Minyiri ya kuchupia na minyiri ya kushikia

Shangazi yangu hasemi ngisi ana minyiri kumi. Anasema ana minane na miwili. Nilikuwa darasa la tano aliponifundisha kusafisha ngisi, nyumbani kwetu Jambiani, na jambo la kwanza alilofanya ni kuitenga ile miwili mirefu pembeni ya kibao. "Hii ya kuchupia, mwanangu," akaniambia. "Hii mingine ya kushikia." Kisha akaingiza vidole kwenye mfuko wa mwili, akavuta ule mfupa laini unaopitisha mwanga kama karatasi ya nailoni, akaendelea na kazi yake. Kwake maelezo yalikuwa yamekwisha.

Kwangu ndiyo yalikuwa yanaanza. Leo nafundisha baiolojia sekondari, na kila ninapopata muda wa kusoma nje ya mtaala, najikuta nimerudi kwenye kibao kile. Kwani minyiri yote kumi huanza sawa. Ndani ya yai ni vinundu vidogo vilivyojipanga kando ya kichwa, na ukivitazama mwanzoni hutambui kipi kitakuwa cha kuchupia na kipi cha kushikia. Kuna ujumbe unaopita kati ya seli na seli, na huo ndio unaoamua. Nataka kuueleza ujumbe huo kwa lugha tunayoitumia jikoni na pwani, maana wanyama wenyewe ni wa kwetu, tunawala kila wiki.

Lakini kwanza mnyiri wenyewe. Siku ukinunua pweza, kabla hujamponda wala kumtia chunguni, chukua kisu kikali ukate mnyiri mmoja kwa kukingama, kama unavyokata muhogo, kisha uutazame ule uso uliokatwa kwenye mwanga mzuri. Katikati kabisa utaona duara jeupe kuliko nyama iliyolizunguka: huo ni uzi mkuu wa neva, unaotoka kichwani hadi nchani. Kuuzunguka kuna nyama iliyobana, ambayo nyuzi zake zimelala kwa kukingama, kutoka upande mmoja wa mnyiri kwenda wa pili. Nje ya hapo kuna nyuzi zinazokwenda kwa urefu, mafungu mafungu. Na ukiwa na hadubini utaona aina ya tatu, nyuzi za mshazari, zinazoupanda mnyiri huku zikiuzunguka. Nyingine zinazunguka kwa kulia, nyingine kwa kushoto.

Mtu aliyekulia Jambiani haelezwi zaidi. Wanawake wa kwetu wanasokota kamba za makumbi, na kila mtoto anajua kwamba kamba iliyosokotwa upande mmoja ukiivuta inataka kujisokotoa. Pweza ana msokoto wa pande zote mbili. Akikaza nyuzi za kulia mnyiri unajipinda huku, akikaza za kushoto unajipinda kule, akizikaza zote kwa pamoja mnyiri unakuwa mgumu usiopindika. Ndiyo sababu naye hupondwa mwambani kabla ya kupikwa: nyuzi za pande tatu zimefumana kama ukili, na kolajeni, ile protini ngumu ya kuunganishia nyama, imezishika, na mfumo huo haulegei kwa moto wa haraka.

Hana mfupa hata mmoja wa kuegemea, lakini anasukuma, anavuta, anarefuka. Mwaka 1985 watafiti William Kier na Kathleen Smith waliandika kwamba mnyiri wa pweza, mkonga wa tembo na ulimi wa binadamu ni kitu kimoja kwa namna ya kazi yake. Vyote ni misuli mitupu iliyojaa maji, na maji hayabanwi yakapungua. Chukua donge la unga wa chapati uliviringishe kati ya viganja: unalipunguza unene, nalo linatafuta njia kwa urefu. Misuli ya kukingama ndiyo viganja. Na hesabu yake inapendeza, maana unene ukipungua kidogo urefu unaongezeka sana. Kipenyo kikipungua kwa asilimia 23 tu, urefu unaongezeka kwa karibu asilimia 70.

Asilimia 70 sikuitoa hewani. Ndicho kiasi ambacho minyiri miwili ya ngisi huweza kurefuka anapomrukia kamba mdogo, na hurefuka hivyo kwa sehemu 20 hadi 40 za sekunde iliyogawanywa mara elfu moja. Jicho la mtu halijamaliza kupepesa, kamba ameshashikwa. Sasa shangazi hakuwahi kupima muda huo, wala hakuhitaji. Aliona jinsi inavyochupa, akaipa jina.

Kier, wa Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill, alitaka kujua kinachoifanya ile miwili ichupe wakati minane haichupi. Nakiri kwamba sehemu hii ya habari ndiyo iliyonikamata nisiachie.

Kila uzi wa misuli umejengwa kwa vipande vidogo vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, viitwavyo sakomia. Ndani ya sakomia mna nyuzi nene za protini ya miosini na nyuzi nyembamba za aktini. Misuli inapokaza, nyembamba huteleza kati ya nene, na kipande kinafupika. Mimi na wewe tumejengwa hivyo, na nyuzi zetu za miosini zina urefu wa takriban maikromita 1.6. Katika minyiri ya kushikia ya ngisi wa Atlantiki aitwaye Doryteuthis pealeii, nyuzi hizo hufika takriban maikromita 7.4. Katika minyiri yake ya kuchupia, mnyama huyo huyo mmoja, ni takriban 0.8.

Tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Chukua urefu ule ule wa misuli. Ukiugawa vipande vifupi unapata vipande vingi, na vyote vinafupika kwa mara moja. Kila kimoja kinatoa hatua yake, na ncha ya misuli inakwenda jumla ya hatua zote. Ukiugawa vipande virefu unapata vichache, na mwendo unakuwa wa taratibu, lakini ndani ya kila kipande miosini nyingi zaidi zinavuta bega kwa bega, kama wavuvi wengi kwenye kamba moja ya juya. Kier na Nancy Curtin walipima mwaka 2002: misuli ya kuchupia ilifupika kwa kasi ya takriban mara kumi ya ile ya kushikia, na ya kushikia ikavuta kwa nguvu zaidi ya mara tatu.

Hapa mwalimu yeyote wa baiolojia angetegemea kusikia kwamba mnyiri wa kuchupia una miosini yake maalumu, ya kasi. Sisi ndivyo tulivyo. Misuli yetu ya kukimbilia na misuli yetu ya kusimamia hutumia miosini za aina mbalimbali, na nimelifundisha hilo miaka yote. Kwa ngisi walitafuta, na mwaka 2012 jibu likachapishwa: miosini ni zile zile, kwenye minyiri yote. Malighafi moja, imekatwa kwa vipimo viwili.

Niliisoma habari hiyo usiku, nikaamka asubuhi bado naifikiria. Shangazi ana pishi moja la unga anapikia vitumbua na uji. Nani anaukataa unga kwa sababu uji si kitumbua?

Na kuna jingine. Kier alimchunguza pia Sepioteuthis lessoniana, ngisi wa bahari yetu, anayepatikana kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi Pasifiki. Alichukua vitoto vilivyotoka tu kwenye mayai akaangalia minyiri yao ya kuchupia. Ilikuwa bado ni ya kushikia. Sura yake ya nje ilikwishatofautiana na mingine, lakini ndani ya kila uzi sakomia zilikuwa zimejipanga kwa mistari ya mshazari, kama za ile minane. Vitoto hivyo navyo havikuwa vikichupa kwa minyiri. Vilikimbilia windo mwili mzima na kulikumbatia. Kiasi cha wiki tatu baada ya kuanguliwa, mistari ya ndani ikaanza kubadilika, vipande vikawa vifupi na vya kukingama, na ilipofika wiki ya nne hadi ya tano ngisi akaanza kuwinda kama mkubwa. Tabia ilisubiri misuli iive.

Sasa ujumbe. Nani anaiambia seli changa iwe misuli, nani anaiambia ilale upande gani?

Inabidi nianzie mbali kidogo, kwa nzi wa matunda. Mwaka 1980 Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walichapisha orodha ya jeni ambazo zikiharibika kiluwiluwi cha nzi kinakosa mpangilio wake wa mwili. Kiluwiluwi kimoja kilikuwa kifupi, kimejaa vimiba mwili mzima badala ya vimiba kukaa kwa mistari yenye nafasi. Jeni yake ikaitwa kwa Kiingereza hedgehog, yaani kalunguyeye. Nitaiita Kalunguyeye kuanzia hapa, kwa sababu jina letu ni zuri zaidi. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1995, pamoja na Edward Lewis.

Kalunguyeye huamuru kutengenezwa kwa protini inayotoka kwenye seli moja na kusambaa kwa majirani. Anayekaa karibu anaipata nyingi, wa mbali anaipata haba, na kila seli hujua mahali pake kwa kiasi inachopokea. Aliyewahi kushuka Pemba msimu wa karafuu anaelewa: harufu ikikujaa kifuani unajua jamvi la kuanikia liko nyuma ya nyumba hii, ikiwa hafifu unajua bado una mwendo. Mlangoni mwa seli inayopokea kuna protini ya bawabu, ambayo kazi yake ni kumzuia mjumbe wa ndani asiondoke. Kalunguyeye akimshika bawabu, mjumbe anaachiwa, habari inafika kwenye kiini, na jeni zinafunguliwa. Samaki, kuku, panya na sisi wenyewe tunaitumia njia hii kutengeneza vidole, uti wa mgongo, na baadhi ya misuli.

Njia ya kuizima iligunduliwa na kondoo. Huko Idaho, Marekani, wafugaji katikati ya karne iliyopita walikuwa wakipata wana-kondoo wenye jicho moja katikati ya uso. Watafiti wa idara ya kilimo waliwafuata malishoni, wakakuta kwamba kondoo mwenye mimba akila mmea uitwao Veratrum californicum siku ya 14, mtoto huharibika hivyo. Sumu iliyomo ikapewa jina siklopamini. Ilichukua miongo mingi kufahamu kwamba siklopamini humkamata yule mjumbe wa ndani, hivyo hata bawabu akiondoka hakuna habari inayofika.

Mwaka 2008 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Insubria, kaskazini mwa Italia, Annalisa Grimaldi na wenzake, waliipata jeni ya Kalunguyeye kwa dome wa Ulaya, Sepia officinalis. Dome ni yule ngisi mpana ambaye mfupa wake mweupe, mwepesi, tunauokota ufukweni. Wakaona ishara hiyo iko kazini mahali ambapo misuli ya mfuko wa mwili inajengwa, ile inayobana maji na kumrusha mnyama kinyumenyume. Kisha wakawapa viinitete siklopamini, sumu ile ile ya kondoo wa Idaho. Misuli ikajengeka ovyo. Mnyama asiye na mfupa wa mgongo, ambaye ukoo wake na wetu vimeachana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, anasikiliza tangazo lile lile lililolipanga jicho la kondoo.

Kundi hilo lilikuwa limeshaandika mwaka 2004 kuhusu minyiri ya dome, kwamba misuli yake inapokomaa zinaonekana protini za ukoo wa MyoD. Jeni ya MyoD ndiyo ile ambayo mwaka 1987, katika maabara ya Harold Weintraub kule Seattle, ilitiwa kwenye seli za kawaida za tishu unganishi nazo zikageuka kuwa misuli. Jeni moja, na seli inabadili kazi. Kumbuka pia kwamba Kalunguyeye hatoi amri ya mwisho; yeye ni mpiga mbiu, na protini za namna ya MyoD ndizo zinazoingia ndani na kufungua kurasa za miosini na aktini zisomwe.

Wafaransa nao, Laure Bonnaud na wenzake wa Makumbusho ya Historia Asilia ya Paris, walikuta kwa dome huyo huyo jeni iitwayo NK4 ikifanya kazi katika misuli ya mwendo. Kwa nzi jeni hiyo ikikosekana, moyo haujengeki kabisa. Dome ameichukua jeni ya moyo akaitia pia kwenye kuogelea.

Lakini jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la mwaka 2019, la Oscar Tarazona na Martin Cohn na wenzao wa Chuo Kikuu cha Florida. Mnyiri una upande wa ndani, wenye vinyonyeo, na upande wa nje, ulio laini mtupu. Kwa kiinitete, upande wa nje huwa na ishara iitwayo BMP. Walichukua kishanga kidogo kilicholowekwa protini inayoizima BMP, wakakipandikiza upande huo wa nje. Vinyonyeo vikaota huko pia. Mnyiri ukajidhani una matumbo mawili. Na jeni nyingine walizozitafuta, zile zinazoupa mkono wa kuku au wa panya sehemu yake ya mbele na ya nyuma, ya juu na ya chini, walizikuta kwenye mnyiri zimekaa kwa mpangilio unaofanana, Kalunguyeye akiwemo. Mnyiri hautokani na mkono. Watu wa elimu ya konokono wanajua kwamba unatokana na sehemu ile ambayo kwa konokono ni unyayo wa kutambalia. Kiungo ni kipya kabisa, mpango wa kukijenga ni wa zamani.

Wanafunzi wangu, nikiwaeleza hili, huwa wananyamaza kwanza. Mwaka jana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo mkono wangu ni wa pweza?" Nikamwambia hapana, lakini seli zake zilipokuwa zikiutengeneza tumboni kwa mama yake, zilitumia maneno ambayo pweza anayatumia. Akautazama mkono wake, akaukunja na kuukunjua. Sikuona haja ya kuongeza neno.

Wachokoaji wa pweza wanajua jambo jingine, kwamba ujumbe huu haufi baada ya kuzaliwa. Si ajabu kumtoa mwambani pweza mwenye mnyiri mmoja mfupi, umechongoka mwishoni kama mche wa mgomba. Mkunga, yule samaki mrefu wa mapangoni, alimkata, naye anauotesha. Unaota wote, pamoja na neva, vinyonyeo na zile nyuzi za pande tatu, kila moja kwa upande wake. Letizia Zullo na wenzake, kule Genova, wamekuwa wakifuatilia kwa pweza wa kawaida wa Mediterania kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, ambacho tulikizoea kwa kazi ya neva na misuli, na wameona wingi wake ukipanda na kushuka kadiri mnyiri unavyoota. Kwangu hili linagusa zaidi ya elimu. Pweza wetu, Octopus cyanea, anaishi kwa kiasi cha mwaka mmoja na nusu tu, na jike hufa baada ya kuyalinda mayai yake. Kwa umri huo mfupi bado anaona inafaa kuujenga mnyiri upya hadi nchani.

Mwezi uliopita maji yalikuwa ya bamvua, nikateremka pwani na shangazi kwenye shamba lake la mwani. Ana umri mkubwa sasa, anatembea ndani ya maji akinishika bega. Alipoinua kamba moja ili aikaze kwenye kigingi, chini yake palikuwa na kishada cha vidole vyeupe, laini, virefu kama kidole changu cha shahada. Mayai ya ngisi. Kila kidole kilikuwa na mayai machache ndani, yamepangana kama mbaazi kwenye ganda lake, na yalikuwa yamekomaa, maana ukuta wake ulikuwa umetanuka ukawa kama maji.

Nikakiweka kimoja kwenye kiganja, bado kikiwa ndani ya maji. Ndani alikuwamo ngisi mzima, mdogo kuliko punje ya mpunga, ana macho makubwa. Mfuko wake wa mwili ulikuwa ukibana na kuachia. Madoa ya hudhurungi mgongoni yalifunguka yote kwa mara moja, yakafumba, yakafunguka tena. Kila doa ni kifuko cha rangi kinachovutwa na misuli midogo iliyokizunguka kama miale, kwa hiyo hata pale, kabla ya kuanguliwa, misuli ilikuwa inafanya kazi yake. Nikahesabu minyiri. Ile miwili niliweza kuitambua.

"Ya kuchupia bado haijui," nikamwambia shangazi. "Itangoja wiki tatu, nne hivi."

Akainama akatazama kiganja changu kwa muda. "Basi mrudishe," akasema, "jua kali hili." Nikaishusha kamba taratibu, naye akaifunga kwenye kigingi.